Sikio la Kushoto la Guyo

Nianze na upumbavu wenyewe, mengine yatafuata. Nilipokuwa kidato cha pili nilichukua vifuniko vya masikio vilivyowekwa kwa ajili ya rafiki yangu Guyo, nikamziba yeye kwa pamba niliyoichomoa kwenye mto wa kulalia wa mama, halafu nikavivaa mimi nipige picha nionekane kama DJ wa Mombasa. Guyo alikuwa anakwenda kusimama hatua nne kutoka kwenye mdomo wa bunduki. Mimi nilikuwa nakwenda kusimama nyuma ya kichuguu, mbali, mahali ambapo hata kuku asingeshtuka. Hakuna shetani aliyenituma. Na picha ilitoka vizuri, hilo ndilo la kuudhi. Niliifuta mwaka uleule, lakini naikumbuka kuliko picha zote zilizomo kwenye simu ya mama: meno yangu yote nje, vidole viwili juu, na nyuma yangu, mdogo kama nzi, mgongo wa Guyo.

Sasa niko kidato cha nne, mtu mzima kabisa, ndevu tatu nimezihesabu mwenyewe. Wiki mbili zilizopita tulimzika Mjomba Dhadho, kaka yake mama, mwenye ile bunduki, na Guyo akaja matangani kutoka Hola. Aliingia uani kwetu na shati lililopigwa pasi, mrefu kama mlingoti wa simu. Nikamwita. Akasimama katikati ya watu akaanza kuzunguka mwili mzima, polepole, akiangalia huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Wazee waliokuwa kwenye viti walidhani anatafuta pa kukaa, wakamsogezea benchi. Mimi nilikuwa hatua tano tu kushoto kwake, mkono juu, nikipunga kama kichaa. Nilijua anachotafuta. Alikuwa amesikia jina lake na hakujua limetoka upande gani wa dunia. Mkono ukanishuka wenyewe, na tangu siku hiyo, mimi ambaye darasani hufukuzwa nje kwa kuchekesha watu, sijapata hata mzaha mmoja wa maana.

Mwaka ule Mjomba Dhadho alikuwa ndiyo kwanza amestaafu uaskari wa wanyamapori. Alirudi hapa kwetu Garsen na sanduku la bati, redio, na bunduki yake mwenyewe ya marisau, yenye leseni, ile inayotema punje nyingi kwa mpigo mmoja. Mkewe alikuwa ameshafariki, nyumba ilimzidi ukubwa, na siku za juma zilimzidi urefu. Basi akajitafutia mchezo. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikuwa akipiga shabaha ya sahani za tope zinazorushwa angani. Ijumaa alipita kituo cha polisi na kwa chifu kuwaarifu, kwa sababu Garsen mlio wa bunduki si jambo la kumshtukiza mtu. Watu hapa wakiusikia huacha sufuria motoni na kuita watoto kwanza, kuuliza baadaye. Sahani nilizitengeneza mimi. Maji ya mafuriko yakishuka, mto huacha tope laini kama uji wa mtoto, nami nililishindilia kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya kupikia, nikalikausha kivulini siku nne. Guyo ndiye aliyerusha. Vijana wa Kiorma kama yeye, watoto wa wafugaji, wanakua wakirushia fisi rungu, kwa hiyo mkono wake ulikuwa mkono kweli. Sahani ilipaa, ikasimama kidogo hewani kama inafikiri, halafu Mjomba akaivunja ikawa vumbi. Wote watatu tulipiga kelele. Nakumbuka furaha ile bila haya. Ilikuwa furaha ya kweli, na bado sijui niiweke wapi.

Stoo ya Mjomba ndiyo iliyokuwa darasa letu. Chumba kidogo cha udongo, kinanuka mafuta ya bunduki na samaki mkavu, dirisha moja la mbao ambalo alilitegemeza wazi kwa ufito. Siku ya kwanza kabisa alitukalisha juu ya magunia akapanga mezani vitu vinne kama muuza mitumba: pamba, waya za simu za kusikilizia muziki, vizibo vya sponji vya rangi ya machungwa, na vifuniko viwili vya njano vilivyounganishwa kwa utepe wa plastiki unaopita utosini. Hivi vya mwisho yeye aliviita vikombe. Alikuwa ameviagiza Mombasa, kwenye duka la vifaa vya wajenzi.

"Chagueni!" alisema. Mjomba hakuwahi kusema kitu kwa sauti ya kawaida. Miaka yote ya kazi alipiga risasi masikio yakiwa wazi, na sasa hakusikia mbu, hakusikia mvua ikianza juu ya bati, na ukitaka kumsalimia ilibidi kwanza asimame mbele yako akutazame mdomo.

Mimi nilirukia waya za simu.

"Kwa nini hizo?"

"Zina muziki, Mjomba."

"Zitakupa muziki, na mlio utaingia bila kubisha hodi. Weka chini. Wewe, Guyo?"

Guyo alichukua pamba, akaibonyezabonyeza. "Nyumbani tunatumia hii mtu akiumwa sikio."

"Hiyo ni ya kuzuia upepo. Mtu atasema, nawe utamsikia hafifu, utadhani umejiziba. Bunduki haidhani hivyo." Akaitupa pamba nje ya dirisha, na jogoo wa jirani akaikimbilia. Kisha akamvisha Guyo vikombe juu ya kofia, akapenyeza kidole chini ya ukingo. "Unaona? Hapa panya anapita. Vua kofia. Sogeza nywele. Vikombe vinakaa kwenye nyama tupu, vinabana pande zote, la sivyo ni pambo." Akatuonyesha na sponji: unaiviringisha kwa vidole safi mpaka inakuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti, unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa unalivuta sikio juu, unaitia ndani, unaishikilia mpaka ifure yenyewe. "Anayetazama kwa mbali atatia sponji. Anayerusha yuko karibu na mdomo wa bunduki, atatia sponji ndani na vikombe juu. Vyote viwili, kila mara. Huo mlio hauumi sana, wanangu. Ndiyo ubaya wake. Ungeuma kama moto mimi ningejikinga."

Nilimwona akitazama masikio ya Guyo aliposema hivyo, kama mtu anavyotazama sahani ya mwenzake, na alikuwa na sababu. Sikio la Guyo lilikuwa likisemwa mpaka ng'ambo ya mto. Siku moja tukiwa mle stoo, tunakula ndizi za kuchemsha na kambare wa nazi aliowaleta mama kwenye bakuli, Guyo alisimamisha tonge njiani akasema, "Dima anateremka kunywa maji." Dima alikuwa ng'ombe mwekundu anayetangulia kundi la babake, mwenye kengele shingoni. Mimi sikusikia chochote ila Mjomba akitafuna. Tulikula, tukanawa, tukatoka nje, na ndipo kengele ikaanza kusikika kwangu, nyembamba, kama kijiko kwenye glasi nyumba ya tatu. Vichakani, ambako nyasi zinamfunika mtu na ng'ombe mmoja akikengeuka humwoni tena, Guyo alitembea moja kwa moja mpaka alipo. Alikuwa na miaka kumi na sita, na wanaume wenye mvi walimwomba awatafutie mitamba yao. Babake alikuwa ameshasema mbele ya watu kwamba kiangazi kile kundi lote litateremka kwenye malisho ya Delta, kule mto unakoelekea baharini, na atakayelitangulia ni Guyo. Kwao hiyo si kazi ya likizo. Ndiyo jina la mtu.

Mimi nilikabidhiwa kopo la sponji, nikajiita Waziri wa Masikio. Uwaziri ukanipanda kichwani. Sponji mbili nilijitia puani nikalala chali kitandani mikono kifuani kama maiti, mama akaingia, akapiga ukelele, halafu akanipiga mimi. Nyingine niligundua zinaelea vizuri sana kwenye maji. Kuelea kwake kulinishinda, nikazifunga kwenye mshipi wa kuvulia, na asubuhi ya Jumamosi ile ninayoisimulia, kambare mmoja akaondoka na mbili za mwisho. Nilicheka peke yangu ukingoni mwa mto. Serikali imeishiwa dawa, nilijiambia, waziri atabuni nyingine. Nikarudi nyumbani nikatoboa mto wa kulalia wa mama.

Ilikuwa Idd imepita kama siku kumi. Tulitangulia uwanjani, mimi na Guyo, nyuma ya mashamba ya zamani ya mpunga, Mjomba akibaki nyuma na watu wa msikitini waliomsimamisha njiani. Nilimpa Guyo chupa ya maji ya baridi, akaiweka chini. "Baadaye," alisema. Nikampa pamba.

"Na sponji?"

"Zimeenda kuogelea."

"Basi nipe vikombe."

"Dakika kumi tu, nipige picha. Ukivaa wewe unaonekana kama mtu wa mashine ya kusaga. Mimi ndiye mwenye uso wa kuvivaa."

"Mzee Dhadho alisema anayerusha..."

"Mzee amesema, na waziri amesema. Mkubwa nani?"

Akacheka, akajiziba. Sasa hapa ndipo nilipokuwa na akili nyingi. Nilikuwa na kipimo changu mwenyewe cha kujua kama mtu amezibwa vizuri. Sisi Wapokomo na Waorma ni watani. Pale Garsen, Mworma akipita nami nisimtukane ng'ombe wake, atauliza kama naumwa. Nami akiniona asinitaje samaki, nitadhani amenikasirikia. Na Guyo hakuwahi kuliacha tusi lipite bila kulirudisha na riba. Kwa hiyo, nilifikiri, nikisimama nyuma yake nikamtukana na asijibu, basi hasikii. Ni kipimo gani kitashinda hicho? Nikasimama nyuma yake. Nikaanza pole: nikasema kwao mtu huoga kwa maziwa kwa kuogopa mamba. Kimya. Nikasema Dima ana macho mazuri kuliko dada zake wote. Kimya. Nikapaza sauti nikasema mambo kuhusu babu yake, fahali mmoja na ndoo ambayo siwezi kuyaandika, maana kitabu hiki mama atakisoma. Guyo alisimama tu, anaangalia mbele, shingo imetulia. Nikampiga bega, nikamwonyesha dole gumba. Amefaulu mtihani. Serikali inafanya kazi.

Mjomba alifika akihema, akavaa vikombe vyake vyeusi, akasimama mahali pake. Guyo alikuwa kulia kwake, mbele kidogo, chini ya tuta lililomficha machoni pa Mjomba, uso umeelekea bondeni, kwa hiyo sikio lake la kushoto ndilo lililokuwa upande wa bunduki. Kati yao palikuwa na mti mkavu uliochomekwa ardhini: bunduki isivuke pale, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mjomba alipaza sauti, "Mrushaji amejiziba?" Nami kutoka nyuma yake, pembeni kidogo ambako Guyo alionekana, nyuma ya kichuguu, nikapunga mikono yote miwili: amejiziba. Nilitegesha simu kwenye jiwe, nikawapa mgongo ili Guyo aonekane nyuma yangu, nikavaa vikombe vya njano, na dunia ikawa tulivu. Milio niliisikia kama mtu anayepiga godoro kuondoa vumbi. Mmoja. Wa pili. Nilikuwa najirekebisha shingo. Sahani ya saba au ya nane, hili nililijua baadaye, ilikuwa na ufa, kazi yangu mbovu ya siku ya nne, ikakatika mkononi mwa Guyo na kupinda kulia. Mjomba akaifuata, akaifuata, mtutu ukauvuka ule mti mkavu, ukapita karibu na kichwa cha Guyo, ukapiga. Nilipogeuka, Guyo alikuwa ameketi chini. Hakulala, hakulia. Ameketi tu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nilikimbia nikamfikia kabla ya Mjomba, ambaye aliinamia kwanza bunduki kuitoa risasi, kisha akalizunguka tuta. Na hapa kuna la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya nikicheka na hili nililifanya nikijua. Nilivua vikombe nikamtia Guyo shingoni. Pamba nikaichomoa nikaificha mfukoni. Mjomba alipofika aliona kijana aliyevaa vikombe vyake kama alivyofundishwa. "Nimevuka mti," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ya chini. "Nimevuka mti, mwanangu. Unasikia?" Guyo alitazama mdomo wake. Akanitazama mimi. Akasema, "Niko sawa, mzee. Ni nzige tu wameingia kichwani." Alishika sikio la kushoto kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Nilimsindikiza kwao jua likienda kutua. Njiani nilizungumza mimi tu, nikitania nzige, nikisema wakiwa wengi tutawakaanga. Mamake alikuwa ametandika mkeka mlangoni. Mle ndani mlikuwa na giza la kupendeza na harufu ya moshi wanaofukizia vibuyu vya maziwa. Adhana ilipoanza alimpa Guyo tende tatu na kikombe cha maziwa, akanigeukia akitabasamu. "Leo ni ya sita," aliniambia. "Amezimaliza sita zake. Wenzake walioanza naye wote wameshindwa na jua." Nilikuwa sijui. Kwa akili yangu ya Jumapili, Idd ikishapita kufunga kumepita. Sikujua kwamba kuna wanaoongeza siku sita baada yake. Guyo alimeza tende, akafuta mdomo, akaniegemea akicheka. "Ulinitesa leo. Mtu amefunga, hawezi kujibu matusi, nawe ukanimwagia yote. Ile ya babu na ndoo! Ngoja kesho nile kwanza, nitakulipa."

"Ulisikia?"

"Neno kwa neno."

"Mbona hukuniambia unasikia?"

Akaniangalia bila kuelewa. Halafu akaelewa, nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika, polepole, kuanzia machoni. "Kwani ulikuwa unanipima?" alisema. "Nilidhani unatania."

Nimejaribu kuwaza mwaka ule ungekuwaje kama angepiga kelele tu wakati ule. Hakupiga. Mamake aliongeza maziwa. Tulikula, sijui nini. Nzige hawakuondoka kesho yake, wala juma lile. Mjomba alimpeleka hospitali Malindi, akanichukua na mimi, na daktari mmoja mpole akamfungia Guyo kwenye kijumba cha vioo, akamwambia anyanyue mkono kila akisikia mlio. Tulimtazama kupitia kioo, mimi na Mjomba. Sikio la kulia mkono ulipanda na kushuka kama mwanafunzi mwenye majibu. La kushoto, mkono ulikaa gotini. Ulikaa. Mjomba akaniuliza, "Anasikia? Mimi sisikii kama kuna mlio," nami nikamwambia labda bado hawajaanza.

Kiangazi kilikuja na kundi likaanza kujiandaa kuteremka. Wengi hudhani sikio moja ni nusu ya hasara, kama mguu mmoja wa kiatu. Sivyo. Kwa sikio moja unasikia, ila hujui ni wapi. Guyo alisikia kengele ya Dima sawasawa na aliifuata sawasawa, upande usio wake. Mara ya kwanza alisingizia upepo. Mara ya pili alipotea na mitamba miwili, akarudi na mmoja. Wa pili walimkuta siku ya tatu amezama kwenye tope la mto, macho yameshaliwa na ndege. Ndipo babake akampima. Nilikuwepo, nimeketi juu ya dumu nikijifanya naangalia simu. Mzee yule hakutukana wala hakutania. Alimfungua Dima kengele, akamwambia Guyo asimame katikati ya zizi tupu, afumbe macho, anyooshe kidole mahali kengele inapolia. Akaanza kumzunguka peku, bila kishindo. Akatikisa mbele yake: Guyo akaonyesha kulia. Akatikisa nyuma: kulia. Akazunguka mpaka kushoto, karibu kabisa, akatikisa taratibu, akatikisa kwa nguvu. Guyo, macho yamefumbwa, jasho linamtiririka, akanyoosha mkono wake mrefu kulia, kwa uhakika, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Wadogo zake walianza kucheka, kisha wakaacha. Mzee aliushika ulimi wa ile kengele usilie. Halafu akamwita mtoto wa pili, Barisa, mwenye miaka kumi na tatu, akamkabidhi. "Kesho wewe utatangulia," alisema. Guyo bado alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyemwambia afumbue.

Mwezi uliofuata alipelekwa Hola kwa shangazi yake, akasome huko na kumsaidia dukani. Watu walisema ni bahati, atakuwa na digrii. Mjomba alikwenda kwa babake Guyo na wazee wawili na ndama jike, akaomba radhi mbele ya wote. Alisema maneno yaleyale: nimevuka mti. Mtoto alikuwa amejikinga kama nilivyomfundisha, alisema, kosa ni langu peke yangu. Nililisikia hilo kwa masikio yangu yote mawili, mazima, nikiwa nyuma ya ukuta wa makuti, na nilikuwa na uwezo wa kuingia. Siku mbili baadaye aliibeba bunduki kituoni akaisalimisha, akarudi kwa miguu. Jumamosi zikaanza tena kuwa ndefu. Alikaa stoo, dirisha limefungwa, akisugua vile vikombe vya njano kwa kitambaa na mafuta, kwa sababu alitaka kujua vilikuwa na kasoro gani mpaka mlio ukapita. Alinipa mimi nivikague, macho yangu ni mapya. "Tazama ukingo," aliniambia. "Kuna mahali pamepasuka?" Nikavigeuzageuza. Nikamwambia labda hapa, Mjomba. Akashukuru.

Siku ya tatu ya matanga tulikaa na Guyo kwenye mkeka nyuma ya jiko, chai na mahamri mbele yetu. Ananiandikia utani kwenye simu miaka hii yote miwili, hajanitaja kwa mtu hata mara moja, na ana mazoea mapya: akikaa na mtu humvuta upande wa kulia bila kumweleza sababu. Siku ile mimi nilikuwa nimewahi kukaa. Mbele ya nyumba wazee walikuwa wakiongea, na sauti ya babake Guyo ilipita juu ya ukuta: "Dhadho alikuwa mtu. Lile jambo la mtoto wangu lilimla kabla ya maradhi. Nilimsamehe mimi, yeye hakujisamehe." Guyo hakusikia, au alisikia hakujua limetoka wapi. Nami nikaona siwezi tena. Nikainama nikasema, chini chini, nikitazama chai: nisamehe, Guyo, nilikuibia vikombe, nilimdanganya Mjomba, nimemwacha azikwe nalo. Nilisema yote, kwa mpangilio, sijawahi kusema kitu vizuri namna ile.

Akageuka, akaniletea sikio la kulia. "Umesema?"

"Nasema chai tamu."

"Sukari imezidi," akasema, akanimegea hamri lake.

Wageni walipoondoka alasiri, mama alikuwa ameketi uani akisugua sufuria za matanga kwa majivu. Nikachutama karibu yake nikamwambia, kuanzia kambare mpaka chai. Aliacha kusugua nilipofika kwenye vikombe shingoni. Aliweka sufuria chini, akakaa na mikono yake myeusi ya masizi imeelea hewani, asijue aifutie wapi. "Kaka yangu alikuwa akivipangusa vile vitu mpaka juma la mwisho," alisema, si kwangu. Kisha akaniuliza swali moja: ulipomwomba msamaha, ulikaa upande gani? Nikamwambia kushoto. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja kuuliza njia, akasema:

"Hajaondoka, basi lake ni kesho. Amka uende kwao sasa hivi, ukae kulia kwake, useme tena kwa sauti, na babake awepo asikie."